Uji wa Kapiteni

Mbwa Kapiteni alitapika mara ya tatu, safari hii juu ya zulia jipya, na Philomène akakimbilia kitambaa.

Saa nne asubuhi hiyo Mzungu wa tume angekuja kuikagua nyumba: vitanda, uma, choo, hata masikio ya watoto. Akiridhika, Zacharie, mumewe, angepewa kadi ya Mwafrika aliyestaarabika, na binti yao Colette angepokewa katika shule ya Wazungu. Asiporidhika, basi. Na katika fomu ya maombi Zacharie, karani asiyejua kusema uongo, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: “Tunafuga mbwa mdogo ndani ya nyumba, kama Wazungu.”

Jana, kwa kumtukuza mbwa huyo, Philomène alimpa samaki wa chumvi kwa mawese. Sasa Kapiteni alikuwa amelala chini ya meza, macho yamelegea, akiharisha maji matupu.

Saa moja alipita Feruzi, mdogo wake Philomène, mpishi wa Wazungu, akielekea sokoni. Ndiye aliyemleta mbwa wiki iliyopita ndani ya kapu la mananasi, akasema Mzungu mmoja aliyerudi Ulaya amemwachia.

“Nitamupeleka kwa munganga ya banyama,” alisema Philomène.

“Hapana, yaya, dada yangu, nakuomba! Bazungu banapenda maulizo mingi.” Jasho lilimtoka Feruzi, na jua lilikuwa bado halijapanda. “Umupe maji ya muchele. Asikufe, asibweke, asitoke inje.”

“Unaogopa kunipita miye! Mbwa ni yako ao ni yangu?”

Feruzi alijitwika kapu lake na kuondoka upesi, bila hata kuaga.

Philomène alichemsha majani ya mapera, akapika uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo, akampakata mbwa na kumnywesha kijiko kimoja kimoja. Kidole chake kiligusa shingoni, pale manyoya yalipoliwa na ukanda wa zamani.

“Kapiteni,” alimnong’oneza. “Baba, usinifie leo.”

Kama siku zote, mbwa hakugeuka kwa jina hilo.

Saa tatu alilamba kijiko mwenyewe. Saa tatu na nusu alisimama, miguu ikiyumba, akatikisa mkia. Philomène alilia kwa shukrani, akamfunga utepe mwekundu, akamfungia chumbani.

Motokari ilisimama nje. Zacharie alirekebisha tai mara mbili, na mara mbili ikapinda. Mzungu aliingia na faili kwapani. Alifungua kabati, akahesabu uma, akanusa choo, akatazama kucha za Colette. Hakuna aliyethubutu kukohoa.

“Bien,” alisema hatimaye kwa kuridhika, akipitisha kidole juu ya fomu. “Na mbwa?”

Philomène alifungua mlango wa chumba, kichwa juu.

Kapiteni hakutembea, aliruka. Alimpita Zacharie, akampita Colette, akamrukia Mzungu kifuani, akilia kwa furaha na kumlamba kidevu.

Faili lilianguka sakafuni.

“Mama,” alisema Mzungu taratibu, kwa Kingwana, Kiswahili cha huko, “Feruzi, mupishi yangu, aliniambia mbwa yangu alikuliwa na mamba.”