Filimbi ya Wavinya

Wavinya alitia filimbi mdomoni, ikamchoma ulimi. Chuma hicho kilikuwa kimening'inia shingoni mwake juani tangu watolewe darasani.

Shule nzima ilikuwa imepangwa kando ya barabara ya Mutomo, wale wadogo midomo imewakauka, na mheshimiwa, mgeni waliyemngoja, ndio kwanza anashuka garini. Ngoma ya Kikamba haianzi mpaka filimbi ilie.

Asubuhi walikuwa katika somo la historia. Walisoma kwamba wazee wao walichimba mitaro milimani wakichapwa viboko na mkoloni, kisha wakatolewa wamwimbie D.C., mkuu wa wilaya Mzungu, akipita.

"Sasa mbona waliimba?" Wavinya aliuliza.

Kabla mwalimu hajajibu, kengele ililia. Wakaamriwa watoke, wakamwimbie mgeni.

Sasa wapiga ngoma walikuwa wameinua mikono, wanamtazama yeye. Mheshimiwa alitabasamu, akangoja.

"Piga, Wavinya!" mwalimu wa historia alinong'ona nyuma yake, jasho likimtiririka. "Ama unataka nifutwe kazi?"

Wavinya akageuka. Akaipangusa filimbi kwa sketi, taratibu, akamnyooshea mwalimu.

"Kumbe jibu ulikuwa nalo, Mwalimu."