Wageni wa Nana

Kila tulipojaribu kifaa chetu pale maabara Kumasi, mkojo wa mtu asiye na sukari ulikuwa wangu.

Siku hiyo nikadondosha tone la mkojo wangu kwenye mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele, tuliyoibandika protini ya kunusa sukari. Mstari kwenye skrini ukapanda.

"Kaka, umekunywa soda ngapi leo?" Serwaa, mwenzangu wa maabara, akacheka.

"Maji tu."

Akaacha kucheka. "Hebu rudia."

Zamani babu yangu, Nana, alikuwa akikojoa nyuma ya nyumba, sisimizi wanajipanga ukutani. Wajukuu tukimtania: "Nana, wageni wako hao!" Naye akicheka kutushinda; hakuna aliyejua kuwa walifuata sukari.

Sikurudia. Nilichukua kichupa cha mkojo wangu, nikaenda nyuma ya maabara, nikamwaga ukutani. Nikachuchumaa, nikawangoja wageni.