Mtungi wa Mgeni

Asubuhi Siwatu aliletewa mtungi wa oksijeni kitandani, umefutwa vumbi unang'aa, kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa anakuja kukagua wodi. Mgeni akaja, akapigwa picha, akaondoka. Vumbi la gari lake halijatua, mhudumu akarudi kuuchukua, akamwambia Mbaruku, mumewe Siwatu:

"Mzee wangu, huu unarudi stoo."

Mbaruku alimtazama mkewe, ambaye pumzi ndiyo kwanza imemtulia.

"Kumbe pumzi ilikuwa ya picha, si ya mgonjwa! Ptuu!"

Akaketi sakafuni, akaukumbatia mtungi kwa mikono na miguu.

"Mzee, nitaita askari."

"Waite. Waje na yule mpiga picha."

Kutoka kitanda cha jirani, bibi mmoja alishuka polepole, akajifunga kanga, akaja kuketi kando yake.