Namba Kumi na Saba

Alhamisi hiyo Marie-Claire alimwachia Gracieuse wateja wawili wenye vichwa vilivyosukwa nusu, akatoka saluni saa tisa mchana kwenda nyumbani kwake kumfukuza mzungu aliyekuwa akimtembelea kaka yake.

"Utamwambia vizuri ao vibaya?" Gracieuse alimuuliza.

"Vibaya. Huyu mutu iko ananichefua."

Alivuka barabara taa za robot zikiwa bado nyekundu. Lifti ya ghorofa yao pale South Beach ilikuwa imekufa tena, akaanza kupanda ngazi, na hasira ikapanda naye.

Kaka yake, Hardy, alichukuliwa na baba yao mdogo kwenda Montreal akiwa na miaka sita, akakulia juu ya barafu. Huko Bukavu familia ilitamba: mtoto wetu analipwa kucheza hoki ya barafuni! Picha yake, na vile viatu vyenye visu chini, ilining'inia sebuleni. Hakuna aliyewaambia kwamba hakulipwa kufunga mabao. Alilipwa kupiga watu. Misimu kumi na mmoja, katika timu za miji midogo, kocha alimgusa bega tu, naye akajua nani aangushwe. Alivua glovu, akapiga, akapigwa, na watu wazima waliokata tiketi wakasimama kushangilia na watoto wao mabegani.

Ngumi alizopokea zilimla ubongo polepole. Mke akaondoka. Mwaka 2011 ndugu walimleta Durban kwa dada yake, ana miaka arobaini na tano, na begi moja.

Begi lenyewe! Lilinuka jasho la miaka ishirini, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya maji. Marie-Claire alizitupa glovu pipani. Hardy akashuka ghorofa saba kuzifuata, akarudi amezikumbatia kifuani. Mate yalimtiririka kidevuni. Alisahau kama amekula. Alisahau jina la mama yao. Mapigano yote yalikuwa yamefutika kichwani mwake, isipokuwa moja.

Namba kumi na saba. Kijana mwepesi aliyekuwa akiwafunga mabao. Kocha akamgusa Hardy bega. Ngumi ya tatu ilimwangusha yule kijana, kichwa kikagonga barafu, damu ikasambaa, na kijana hakusogea tena. Wakambeba kwa machela. Mashine ikapita kukwangua barafu iliyokuwa nyekundu, mchezo ukaendelea. Kwenye basi mwenzake mmoja alimwambia: amekufa yule. Msimu huo huo Hardy akaacha hoki.

Na mzungu huyu alikuja kuisikia hadithi hiyo kama mtu anayekuja kutazama filamu.

Alitokea mwezi wa tatu, Mkanada mwembamba aliyepata kazi ya kufundisha watoto kwenye uwanja wa barafu, si mbali na ufukwe.

"Nilimwona kaka yako akicheza," alimwambia Marie-Claire mlangoni, kwa Kifaransa cha kumumunya. "Kwa karibu sana."

Marie-Claire alimkaribisha. Shabiki, aliwaza, pengine atampa mgonjwa moyo. Lakini tangu siku ya kwanza alishindwa kumtazama mzungu huyo akinywa chai. Mdomo wake ulikwenda upande, chai ikachuruzika kwenye shati, na mkate aliuchovya mpaka ukawa uji, kisha akaufyonza. Marie-Claire alijificha jikoni asitapike.

Toka huko jikoni, kila Alhamisi, alisikia sauti ya Hardy peke yake, maana Hardy alikuwa nusu kiziwi na alipaza sauti, na yule mwingine alinong'ona tu. "Namba kumi na saba... kocha alinigusa... nilimuua! Nilimuua!" Kisha kilio, cha mwanaume mzima, chenye kamasi. Kisha mnong'ono wa mzungu, usioshikika. Kisha mzungu anatoka, macho mekundu, anatabasamu. Anatabasamu! Na Hardy, aliyechoka kwa kulia, usiku huo hulala fofofo. Kufika Jumapili anaanza tena kupiga kelele usingizini.

Wiki iliyopita Marie-Claire alimsimamisha mzungu kwenye korido.

"Kwa nini unamfanya ahadithie kitu hiki?"

"Simfanyi, Madame. Ananianzia mwenyewe. Lazima amalize kwanza."

"Na wewe unafaidi nini?"

"Na mimi nalala vizuri," alisema.

Neno hilo lilimkaa kooni wiki nzima kama mafuta yaliyoganda. Kwa hiyo kuna watu wa namna hiyo. Wanavuka bahari kufuata damu ya zamani, wanailamba tena na tena kutoka kinywani mwa mgonjwa asiyejua leo ni siku gani, halafu wanalala vizuri.

Ghorofa ya saba. Hakupiga hodi, ilikuwa nyumba yake. Aliingiza ufunguo, na kabla mlango haujafunguka akasikia kilio.

"Nilimuua!"

"Toka!" Marie-Claire alipaza sauti akiwa bado kizingitini. "Toka nyumbani kwangu, mnyama we—"

Hakuna aliyegeuka. Mzungu alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya kiti cha Hardy. Alikuwa amefungua vifungo vya shati lake mwenyewe, ameushika ule mkono mkubwa wenye vifundo vilivyovunjika, ameubana kifuani pake, na alisema polepole sana, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu:

"Sikia moyo unavyopiga. Kumi na saba ni mimi, Hardy. Sikufa. Alhamisi ijayo ukisahau, nitakuja nikwambie tena."