Nguzo ya Saba

"Hii ya saba imepinda," Bi Ishbel alisema, akiinyoshea kidole nguzo iliyochorwa ukutani. "Itazame vizuri, mzee wangu. Wengi hawaioni."

Struan Geddes hakuitazama. Alikuwa akiutazama mdomo wa Bi Ishbel.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, na mvua ya mji wa Stirling ilikuwa ikipiga madirisha. Jumba la kale la Lodi Kinnaven lilikuwa halijafunguliwa kwa wageni, lakini Rhona wa mlangoni alikuwa amemruhusu mzee apite, kama kila Jumanne.

Struan alizijua nguzo zile kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyezichora upya jumba lilipokarabatiwa, miezi kumi na minne juu ya ngazi, rangi mpaka kwenye nyusi. Hakuja kujifunza kitu. Alitaka Bi Ishbel alitaje jina lake, mara moja tu, na kila wiki alitoka kapa. Ungemwona ungesema huyu mzee anapenda sifa.

"Imepinda kwa nini?" aliuliza.

Bi Ishbel akacheka. Akaeleza kwamba mchoraji, badala ya kuangalia brashi, alikuwa akimwangalia msichana aliyepita na ndoo ya chokaa. Mkono ukateleza. Msimamizi akafoka kwamba mstari ule ufutwe, mchoraji akakataa katakata.

"Kichwa ngumu, jamaa yule," alisema. "Eti siku ile haifutwi."

"Aliitwa nani?"

Bi Ishbel akafungua kinywa. Vidole vyake vikagusa ukuta pale mstari ulipopinda, vikakaa hapo. Struan akasogea karibu.

"Jina limenitoka," akasema hatimaye. "Nisamehe. Wamepita watu wengi hapa."

"Si kitu, bibie. Labda Jumanne ijayo."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Hakutaka mwanamke yule amwone uso.

Walipofika mlangoni, Rhona alimvua Bi Ishbel beji yake ya zamani ya kuongoza wageni, akairudisha kwenye droo. Akamtazama mzee usoni. Akajua jina halikutajwa.

Bi Ishbel alisimama akitazama mvua ikiteremka na mtaa wenye mawe. Kisha akamgeukia mgeni wake.

"Una mtu nyumbani?"

"Nina mke."

"Na umekaa hapa asubuhi yote ukinisikiliza mimi? Haya, nenda. Supu ya mwenzio itapoa."

Struan akatungua koti la kike kwenye msumari, akalikung'uta, akalishikilia wazi nyuma yake.

"Ingiza na mkono huu, mke wangu," alimwambia. "Twende tukaipashe."