Maji Yameingia, Leteni Mashua

Kila Jumamosi Nyamizi alizijaribu redio zake mbili, mpya na kuukuu, kwa kutamka maneno yaleyale: "Maji yameingia, leteni mashua." Baba yake aliyatamka hewani mpaka akazama, mwaka ule wakubwa walipofungulia bwawa bila kuonya mtu, na Nyamizi hakutaka yasahaulike. Shebuge, mwenye mashua ng'ambo ya mto, humwambia ipi inasikika vizuri.

Jumamosi hii wakubwa walewale walifungulia tena. Maji yalimfika Nyamizi magotini, na mama yake mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya meza.

"Maji yameingia, leteni mashua," alisema kwenye redio mpya.

"Safi, dada. Haina mkwaruzo hata kidogo. Hebu nipe ile kuukuu."

"Shebuge, leo si majaribio. Tunazama."

Shebuge akacheka. "Leo umenogesha. Hata kilio kimetoka vizuri. Haya, kuukuu."

Nyamizi hakubishana. Alibana kitufe, akakishusha kipaza sauti mpaka karibu kiguse maji, Shebuge ayasikie mwenyewe yakigonga miguu ya meza. Kitufe kikibanwa, yeye hawezi kumsikia Shebuge. Akaogopa kukiachia, asije akamsikia bado anacheka.