Komba na Zimwi Lenye Vichwa Saba

Zamani hizo wanyama walipokuwa wakisimuliana hadithi, Komba alitunga ya zimwi la pangoni, na msitu mzima ukaogopa kulala. Wakamwomba aiendeleze. Komba akalirudisha zimwi likiwa na vichwa viwili, kisha saba, halafu akaliongezea na mabawa. Kila aliporudi nalo wasikilizaji walipungua, mpaka akabaki Pimbi peke yake, naye anapiga miayo.

"Niambie ukweli, ndugu yangu," Komba akasema kwa unyonge. "Vichwa nimeongeza, damu nimeongeza. Nimekosea wapi?"

"Mwanzoni hatukuliona," Pimbi akajibu. "Tulilisikia likipumua tu. Sasa tunalijua mpaka kucha zake. Liache lipumzike, bwana."

Komba aliumia, maana zimwi ndilo lililompatia sifa. Hata hivyo, jioni iliyofuata aliliua kwa sentensi moja, akaanza hadithi mpya: mama yuko ndani anawaita wanawe, na sauti nyingine, inayofanana kabisa na yake, inawaita kutoka kichakani.

Akanyamaza hapo. Pimbi akamsogelea.

"Komba," akanong'ona, "leo utanisindikiza nyumbani."

Komba akamshika mkono, moyo umemjaa furaha.